Huyu bingwa wa masendofu kanifunika lenzi mbele ya mama wa bibi harusi!!!

KadiImejaa:
Wakuu, naandika hapa suti bado iko mwilini, hata viatu sijavua. Nisipotoa hili leo nitapasuka.

Jina simtaji, mnamjua. Yule wa lenzi nyeupe ndefu, miwani meusi saa nne usiku, anatembea na wasaidizi watatu na mmoja kazi yake ni kumshikia maji tu. Kama umewahi kula pilau ya ukumbini pande za Sinza au Mwenge, jamaa ameshakukanyaga.

Leo mama mdogo wa bibi harusi kaniita nipige picha za ndugu kwenye meza za familia. Huyo bingwa kaletwa na kamati. Sikumwingilia, nikakaa pembeni na kamera yangu Canon 1300D, nimefunga lenzi ya 50mm. Ikafika keki. Binti anamlisha mama yake, mama machozi yanamlengalenga, mimi nimepiga goti, nimeshafokasi kwenye jicho, kidole kinamalizia. Giza! Nikajua Tanesco.

Kumbe KANIFUNIKA LENZI. Kachukua kifuniko changu mwenyewe pale mezani pembeni ya soda, kakibana kwenye lenzi yangu kwa mkono wake, halafu kwa sauti ya kusikika hadi kwa wapishi: "Dogo, pumzisha hiyo ya kujifunzia, wakubwa tuko kazini."

Emsii naye akadaka kwenye maiki: "Jamani, kamera ya kujifunzia ipumzike!" Ukumbi umecheka mpaka maputo yakapasuka. Kuna mzee upande wa bwana harusi hajacheka tangu uhuru, leo kacheka.

Kifuniko, wakuu. Kwa mkono wake. Kwenye lenzi yangu. Goti liko chini!

Ati ya kujifunzia! Hii ina megapikseli 18. Ile Canon 5D ya kwanza ya mwaka 2005 ilikuwa na 12.8, na yeye kila akikaa na watu anajisifu ndiyo iliyomtoa. Nani alimfunika lenzi enzi hizo? Na ukumbi wenyewe taa za zambarau tupu. Ile lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera ukiivuta mpaka mwisho tundu lake la mwanga linakomea f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), hii 50mm kwenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya pale. Nilijua ninachofanya. Yeye anapiga flashi juu kwenye vitambaa vya bluu, mwanga unarudi bluu, maharusi wanatoka kama maiti waliopolewa Ferry.

Picha ya mama akilishwa keki sina. Nina fremu moja nyeusi tii. Mama mdogo ananiuliza "mwanangu, ile ya keki ipo?" Nimjibu nini?

NipoNipoTu:
Naweka kambi hapa. Endeleeni.

Bi Kiranga:
Uzi wa mpiga picha hauna hata picha moja. Weka basi hiyo nyeusi tuione.

KadiImejaa:
Bi Kiranga, leo siyo siku ya utani. Mtu kanigusa lenzi!

Mzee wa Negativu:
Pole mwanangu. Sisi enzi za filamu rolo ilikuwa na picha 36 na kusafisha ni hela, ungenifunika lenzi tungeonana polisi. Ila kifuniko kinakaa mfukoni, hakikai mezani na soda.

KadiImejaa:
Shikamoo mzee. Hata kingekaa juu ya keki, mkono wake ulifuata nini kwenye lenzi yangu?

Mzee wa Negativu:
Marahaba. Hapo umesema kweli.

Chuma cha Nikoni:
Tatizo umeanza na Canon. Nikon D3200 ilikuwa na megapikseli 24 tangu 2012, wewe 2016 unauziwa 18 unafurahi. Na nukta 9 za kufokasi, sasa hizo utamfokasi nani?

DadaWaVideo:
Wanaume mnapigania megapikseli. Adui yetu ni mashangazi wenye tableti. Jumamosi shangazi kasimama mbele ya tripodi yangu wimbo mzima wa kuingia maharusi, kanyanyua tableti yenye kava la maua. Nina dakika nne za kisogo. Nikamwambia "shangazi, naomba usogee kidogo," kanijibu "na mimi nimechanga."

Bi Kiranga:
Amechanga kweli, mwacheni 😂😂

MwekaHazina:
Mimi nimekaa kamati nyingi. Wapiga picha mna midomo, lakini albamu ya mdogo wangu ililipwa yote kabla ya ndoa. Mtoto sasa anatembea, albamu bado "iko kwa fundi."

DadaWaVideo:
Mweka hazina usituchokoze. Kamati zenu sherehe ikiisha mnazima simu, hela ya kumalizia tunadai mpaka maharusi wanaachana.

KadiImejaa:
Wakuu turudi kwenye mada. Mtu kapiga goti, kashafokasi, unamfunika lenzi? Mbele ya mama anayelia? Na lile neno "dogo"! Tena mama mdogo kanipigia sasa hivi, picha za ndugu anazitaka kesho, ananiuliza tena ya keki.

PwaniTulivu:
Mwenzenu lenzi imeota kuvu. Niko Tanga karibu na bahari, niliiacha kwenye begi la ngozi masika yote, sasa ukiimulika tochi ndani unaona utando. Inatibika?

Mzee wa Negativu:
Ipeleke kwa fundi mapema kabla haijala kioo, ikishakula haisafishiki. Na begi la ngozi linashika unyevu. Weka lenzi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

PwaniTulivu:
Asante mzee. Vipakiti ninavyo, mke wangu ana viatu vya kutosha.

Fundi Rolo:
Kuvu nafuu. Mimi kadi feki ya kamera. Imeandikwa GB 64, ndani 8. Ukishapita hapo kamera inaendelea kupiga, hailalamiki, ukifika nyumbani mafaili hayafunguki. Ubarikio wa watu umeishia kwenye nyimbo za kuingilia.

DadaWaVideo:
Ukinunua kadi ijaze kwanza nyumbani, halafu fungua mafaili yote uone. Ndipo uende kazini.

KadiImejaa:
Naona mmeniacha. Hakuna hata mmoja hapa wa kumwambia yule bwana alichofanya siyo sawa?

NipoNipoTu:
Siyo sawa mkuu. Fundi Rolo, hizo nyimbo zilifunguka zote?

Chuma cha Nikoni:
Kwa anayetaka kuanza vizuri, nina D3200 na lenzi ya 35mm f/1.8, betri mbili. Niko Ubungo. Nauza kwa ajili ya ada.

PwaniTulivu:
Bei?

Chuma cha Nikoni:
Njoo inboksi.

Bi Kiranga:
Andika hapa hapa, wote tunasubiri.