Wembe wa babu: nitoeje kutu bila kuufanya mpya?

MjukuuWaKinyozi
Wakuu, habari za jioni. Marehemu babu alikuwa kinyozi chini ya mkungu, hapa Ngamiani, Tanga. Ameacha wembe wa kukunja, shingoni umegongwa "Solingen" (mji wa Ujerumani unaotengeneza visu na nyembe), mpini rangi ya asali. Chuma kimeshika weusi wa kijivu, na pale alipokuwa akiweka gumba pana doa jeusi zaidi. Doa hilo sitaki litoke. Ila kutu nyekundu imeanza, hasa sehemu inayolala ndani ya mpini. Juzi nikajifanya mjuaji, nikaloweka ncha kwenye siki usiku kucha. Asubuhi imepauka kama jino bovu. Fundi mmoja wa mtaani anasema ataupitisha kwenye mashine ung'ae. Nimpe?

Kipara_wa_Hiari
Nyembe zimejaa dukani mkuu. Huo tundika ukutani.

Mnoaji
Usimpe! Wembe huo umechimbwa tumbo pande zote mbili, ukingoni ni mwembamba mno. Ukipata moto kwenye diski, ukaanza manjano halafu buluu, basi tena: chuma kimelegea, makali hayakai.

Siki haichagui, inakula kutu na chuma. Weusi uache, hauna ubaya. Adui ni nyekundu. Dondoshea mafuta ya cherehani, uache mpaka kesho, kisha kwangua taratibu kwa senti kumi ya zamani, ile yenye tundu. Ni laini kuliko chuma cha wembe, haichubui. Kwenye vishimo tumia kijiti cha mwanzi. Msasa usiuguse, utafuta na huo muhuri.

Wakati wa kunoa, laza mgongo na makali pamoja juu ya jiwe, usiinue mgongo hata kidogo. Paka ukingo wino wa maka peni, uone jiwe linapogusa. Patang'aa uzi mwembamba wa makali na wa mgongo tu, kwingine kote ukale wako uko palepale.

Sasa mpini, maana ndiko ninakoshuku. Usugue kwa gumba mpaka upate joto, unuse. Unanukia nini?

MjukuuWaKinyozi
Karafuu maiti! Mama kanusa naye, kaniuliza nimeitoa wapi harufu ya msiba.

Mnoaji
Basi ni seluloidi, plastiki ya zamani, imetengenezwa na kafuri hiyohiyo. Ikichakaa hutoa mvuke wa asidi, ndiyo maana kutu imeanzia ndani. Usiisogeze karibu na moto, inawaka vibaya sana. Kuna nyufa?

MjukuuWaKinyozi
Upo mmoja, karibu na msumari wa kukunjia. Senti kumi nimeipata kwenye kopo la vifungo la bibi. Nyekundu imetoka, vishimo vimebaki, doa la gumba lipo. Nimeweka langu juu yake, limepwaya.

Mnoaji
Ufa huo ni dalili mbaya. Usiukunje tena. Paka mafuta, uuweke umefunguliwa, penye hewa, usiufungie kwenye kasha. Kila mwezi uchungulie.