Nimeuziwa kilele cha Stromboli kilichofungwa tangu 2019!

Wakuu, mlioko huku Ulaya na mnaopanga kwenda Stromboli, kile kisiwa cha volkano kaskazini mwa Sicily, msitoe hata senti kabla ya kusoma hapa.

Kuna wakala mmoja wa safari (jina nalihifadhi, mwenyewe anajijua) katuuzia mimi na mke wangu "kifurushi kamili": boti, chumba, na kupanda volkano hadi juu kabisa, mita 924, tukachungulie kasoko kwa macho yetu. Kwenye risiti kaandika kwa herufi kubwa, KILELENI.

Tumefika kwa kiongozi wa mlima, anatugawia helmeti, namuuliza kileleni tutafika saa ngapi. Akanitazama kama mlevi aliyepotea njia. Kumbe huko juu watalii hawaruhusiwi tangu ule mlipuko wa Julai 3, 2019 uliomuua mpanda mlima mmoja! Mwisho wetu ni mita 400, tena na kiongozi. Kila muuza aiskrimu pale kisiwani analijua hilo, aliyetuuzia safari ndiye asijue? Anajua sana.

Katazo lenyewe silipingi, tuelewane. Pale mita 400 tulikaa gizani, mlima ukanguruma, moto ukaruka, halafu mawe yakaanza kuporomoka kwenye Sciara del Fuoco, ule mteremko mweusi, unayasikia yanavyogongana mpaka yanaingia baharini. Kimya kidogo, mara tena. Mke wangu kanishika mkono hadi kucha zikaniingia. Ningeuziwa hicho kwa bei yake ningelipa na kushukuru. Mimi nimelipishwa bei ya kilele!

Sasa sikieni la chumba. Katuwekea Ginostra, eti "karibu tu na mnapopandia". Ginostra iko upande wa pili wa kisiwa, na barabara ya kutoka kijiji cha Stromboli kwenda huko haipo, ni boti tu. Mlima unapandwa jioni, unashuka usiku. Hiyo boti ya usiku anaiendesha nani, yeye? Vichochoroni pale kijiji cha Stromboli hakuna hata taa za barabarani, tunamulika kwa simu, mabegi mgongoni, vumbi la majivu hadi kwenye meno, tunabisha hodi kutafuta pa kulala. Tulipata. Bei msiniulize.

Kesho yake bahari ikachafuka, boti za kwenda Milazzo, bandari ya Sicily, zikasitishwa. Hilo simlaumu, upepo hana uwezo nao. Lakini nampigia kumweleza yote, ananijibu, "Kaka, si volkano mmeiona lakini?" Tangu hapo simu hapokei, meseji anasoma anakausha.

Nililipa kwa kadi, risiti ninayo, meseji zote ninazo. Kuna aliyewahi kuibana benki mpaka ikarudisha hela ya huduma ambayo hakupewa? Nianzie wapi? Na kama kuna mwingine kapigwa na mtu wa namna hii kwa safari hiyohiyo, njoo PM, huenda ni huyohuyo.