Watoto waliosomea nyumbani: shule ya aina gani itawafaa?

mama_wa_wawili

Habari zenu wenzangu. Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kusomesha watoto nyumbani kisha mkawapeleka shule.

Nina binti wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume wa miaka 7. Wote hawajawahi kukaa darasani. Sijachoka kuwafundisha, wala masomo hayajatushinda. Binti mwenyewe ndiye aliyeomba. Anataka kuimba kwenye kwaya ya sauti nne, na hiyo nyumbani siwezi kumpa. Anataka maabara yenye hadubini. Anataka mtu ambaye si mama yake asome insha yake na kumwambia ukweli. Nimemsikiliza vizuri, na naona ana haki.

Kinachonitia hofu ni siku ya shule inavyokatwa vipande vipande. Mwanangu akishika jambo haliachi. Majuzi aliuliza kwa nini mwezi huonekana mchana. Akachora, akafuta, akazungusha mpira mbele ya taa huku mdogo wake akiwa ndiye dunia, asubuhi nzima ikaishia hapo. Alipoinuka mezani aliweza kulieleza lote bila kutazama daftari. Kipindi cha dakika 40 kingekwisha akiwa bado anachora duara la kwanza. Huyu mdogo naye ndiyo kwanza anaunganisha silabi, ingawa hesabu za kichwa anamfukuzia dada yake. Shule itamweka wapi?

Nimesoma kuhusu shule za Montessori, Waldorf, Summerhill, na zile ambazo mtoto huenda siku chache tu kwa wiki. Kila moja ukisoma maelezo yake inavutia. Baba yao anasema tutafute penye walimu wazuri, mengine yatajipa. Nyie mliopitia haya, mliangalia nini?

baba_watatu

Dada, sisi wetu tuliwapeleka Montessori na hatujajuta, kwa hiyo nizungumzie ninachokijua.

Hiyo hofu yako ya kengele ndiyo iliyotupeleka huko. Montessori inayofuata misingi yake huwaachia watoto kama saa tatu mfululizo za kazi asubuhi, na mtoto akizama kwenye kitu haondolewi. Vifaa vingi vimetengenezwa ili mtoto agundue kosa lake mwenyewe: kipande cha mbao cha duara kikibaki bila tundu lake kwenye ubao, anajua kuna mahali amekosea bila mwalimu kusema neno. Watoto wetu walikuwa wamezoea kujisahihisha, hawakuona ugeni.

La pili ni umri. Huchanganywa kwa miaka mitatu mitatu, 3 hadi 6, 6 hadi 9, 9 hadi 12. Mdogo wako angeketi na wanaosoma vitabu vinene na wanaounganisha silabi kama yeye, na hakuna ambaye angemwona amechelewa. Kwa binti sina uhakika huohuo. Shule nyingi za aina hii huishia miaka 12 au chini ya hapo, kwa hiyo ungemwingiza mlangoni na kumtoa karibu mara moja.

Halafu kuwa macho. Maria Montessori alifungua shule yake ya kwanza, Nyumba ya Watoto, Roma mwaka 1907, lakini katika nchi nyingi jina lake halina ulinzi wa kisheria. Shule yoyote inaweza kuliandika kwenye bango. Uliza walimu wamesomea wapi njia hiyo, kisha uone ratiba ya asubuhi. Ukikuta vipindi vya nusu saa, hapo limebaki jina tu.

nilisomea_nyumbani

Mimi nilikuwa kama huyo binti yako. Nilisomea nyumbani mpaka miaka 12, kisha nikaingia shule ya kawaida kabisa, ya kengele na sare.

Mama, naomba usimtafutie shule inayofanana na nyumbani. Nyumbani anapo tayari, na jioni atarudi. Alichoomba ni kile ambacho hamna: kwaya, maabara, mwalimu mgeni. Mimi nilichoka wiki za mwanzo, hasa kwa kelele, na kwa kuomba ruhusa ya kila kitu hata kunywa maji. Masomo hayakunisumbua. Kilichonisaidia ni kwamba wazazi wangu hawakuniongezea masomo yao jioni. Waliniacha nilale, nisome nilichotaka, nikae kimya.

Muulize pia kama anataka kuwa na mitihani na nafasi darasani. Watoto wengine hulitaka hilo kweli, wajue wamefika wapi. Mimi nililitaka.

mwalimu_mstaafu

Mwanangu, nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, na nimepokea watoto waliotoka nyumbani. Baba yao ana hoja, ila kauli ya "walimu wazuri" huwezi kuipima kwa kusoma tovuti ya shule.

Omba kuketi nyuma ya darasa siku ya kawaida, si siku ya wageni. Shule ikikataa kabisa, umeshajifunza jambo. Ukiruhusiwa, usimtazame mwalimu sana. Mtafute mtoto aliyemaliza kwanza uone anafanya nini. Anapewa swali gumu zaidi, anaruhusiwa kuchukua kitabu, au anaambiwa akunje mikono asubiri wenzake? Kisha mtafute aliyekwama, uone inapita muda gani kabla mtu hajamfikia. Hao wawili watakupa habari za shule kuliko mkuu wa shule na ofisi yake yote. Mdogo wako atakuwa hao wote wawili kwa pamoja, wa kwanza kwenye hesabu na wa mwisho kwenye kusoma, na darasa linalojua kushughulika na upande mmoja tu litamwumiza.

Omba pia kuona madaftari, na usichukue lile linalotolewa kabatini kwa wageni. Angalia kalamu nyekundu imeandika nini. Alama ya vema peke yake haimfundishi mtoto. Ukikuta "umesema mto ulifurika, lakini hujaeleza kwa nini", basi umempata yule msomaji wa insha ambaye binti yako anamtafuta. Bango la nje liseme litakalo.

Kuhusu Waldorf uliyoitaja, iliyoanzia Stuttgart mwaka 1919 kwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara: asubuhi huwa na somo kuu moja, karibu saa mbili, na somo hilohilo hufuatwa kwa wiki tatu au nne. Kuimba kupo tele. Binti yako angependa. Lakini mwalimu mmoja huweza kukaa na darasa hadi miaka minane, na hilo ni baraka au mzigo kulingana na mwalimu. Usome pia falsafa ya Rudolf Steiner iliyo nyuma yake kabla hujasaini, maana ina mambo ya kiroho ambayo si kila familia itayakubali. Summerhill ya mwaka 1921 ni habari nyingine: kuingia darasani ni hiari, na kwenye mkutano wa shule kura ya mtoto ni sawa na ya mwalimu. Huyo binti anatafuta mtu wa kumsukuma, kwa hiyo sioni kama ndipo pake.

Mdogo usimhofie mapema. Finland watoto huanza darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka 7. Lakini usingoje tu. Mwambie aseme "kata" bila sauti ya kwanza. Akijibu "ata" bila kuhangaika, masikio yake yako tayari na kusoma kutakuja. Akishindwa mara kwa mara kwa maneno ya namna hiyo, mtafutie mtu wa kumpima sasa.

siku_tatu_tu

Nimwongezee kuhusu za siku chache, kwa sababu ndizo tulizochagua. Kwanza jua sheria ya mahali ulipo. Uingereza mkuu wa shule anaweza kukubali mpango huo au kuukataa, na mzazi hana haki ya kuudai. Ujerumani mtoto lazima awe shuleni. Marekani zipo shule zilizoanzishwa kwa ratiba hiyo kabisa.

Wengi hudhani siku za nyumbani hubaki za mzazi. Kwetu sivyo. Shule hutuma kazi, nami ndiye ninayeisimamia ili kesho yake asiachwe nyuma. Ule uhuru wa kufuata mwezi asubuhi nzima ulipungua sana. Uliza mapema siku hizo ni za nani.

mama_wa_wawili

Ahsanteni sana. Mwalimu, shikamoo, na ahsante ya pekee kwako.

Mdogo nimemjaribu. "Ata" aliitoa sijamaliza kuuliza, kisha akataka kujua kwa nini "chama" ikiondolewa sauti moja zinaondoka herufi mbili. Atabaki nyumbani mwaka huu, hilo tumekubaliana na baba yake.

Kwa binti, nimeomba kuketi darasani kwenye shule mbili. Moja ni ya Waldorf, nyingine ya kawaida yenye kwaya inayosifika. Tutaenda naye, na maswali ameyaandika mwenyewe. La kwanza ni kama anaweza kubaki maabara kipindi kikiisha. La pili, ni nani husoma insha, na kama ukiandika upya wanaisoma tena. Nikipata majibu nitayaleta hapa.