Toniketi au shashi ya kugandisha damu: ninunue ipi kwanza?

Mkata_Magogo: Wakuu, habari zenu. Nimepewa jukumu la kununua vifaa vya kuzuia damu inayotoka kwa kasi, na oda inatakiwa wiki hii. Nimechuja nikabaki na toniketi (mikanda ya kukaza mkono au mguu ili damu isipite) za CAT na SOFTT-W, ule mpira wa kuzungushia wa SWAT-T, na shashi yenye dawa ya kugandisha damu (Combat Gauze au Celox). Bajeti haifiki vyote. Kipi bora?

Nesi_Zamu: Bora kwa nani, mkuu? Hujasema kazi yenu ni ipi, mko wangapi, hospitali iko umbali gani, na nani atakuwa wa kwanza kumfikia majeruhi. Jaza hayo kwanza.

Mjeda_Mstaafu: Mimi sihitaji maelezo zaidi. CAT. Tulikuwa tunaiweka mahali ambapo mkono wowote, wa kulia au wa kushoto, unaifikia. Unavuta mkanda, unazungusha kijiti ili kuukaza, unakifunga, na unaweza kujifunga mwenyewe kwa mkono mmoja. SOFTT-W nayo ni imara, kijiti chake ni cha chuma, na bizimu inafunguka, kwa hiyo mtu aliyebanwa mguu huna haja ya kuipitishia kwenye vidole. Ila mkono wangu umezoea CAT.

Nesi_Zamu: Mjeda, toniketi ni ya mikono na miguu tu. Kinenani na kwapani utaifunga wapi? Ule uchambuzi wa vifo vya wanajeshi wa Marekani wa 2001 hadi 2011 ulionyesha kwamba kati ya waliokufa kwa kuvuja damu na ambao pengine wangepona, asilimia 13.5 tu damu ilitokea mikononi au miguuni. Asilimia 19.2 ilikuwa kwenye maungio kama kinena na kwapa. Iliyobaki ni kiwiliwili, na huko dawa ni upasuaji. Jeraha la kinena unalijaza shashi mpaka ndani kabisa, kisha unakandamiza kwa nguvu zako zote. Ya dawa, dakika 3 bila kuchungulia. Ya kawaida, ongeza muda.

Mpenda_Vifaa: Mbona hakuna aliyetaja XSTAT? Bomba kama la sindano, ndani kuna vipande vidogo vya sponji vinavyovimba vikigusa damu. Marekani iliiruhusu kwa jeshi 2014, raia 2015.

Nesi_Zamu: Na kila kipande lazima kitolewe na daktari wa upasuaji, ndiyo maana vina alama inayoonekana kwenye eksirei. Si kifaa cha kumpa mtu asiye na mafunzo.

Fundi_Msumeno: Nisomeni kidogo, kwa sababu hili lilinikuta. Tulinunua toniketi za bei rahisi mtandaoni. Kwa macho hazina tofauti na CAT, hata maandishi yapo. Mwenzetu msumeno ukaruka ukamchana paja. Nilifunga juu ya jeraha kama nilivyoelekezwa, nikazungusha kijiti mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu kikajipinda kama plastiki iliyowekwa juani. Nilipolazimisha kikakatika. Damu haikuwa imepungua hata kidogo. Nikachukua ya pili, ile gundi ya manyoya ikaachia mkanda wote. Nilimpandia na goti juu ya kinena, mwenzangu akavua shati akalisokomeza kwenye jeraha kwa ngumi, tukakaa hivyo bila kubadilishana mpaka gari likafika. Mikono yangu ilikufa ganzi. Jamaa yupo hai, anatembea. Lakini ile sauti ya kijiti kukatika bado naisikia. Oda yako ipitie kwa muuzaji anayetambuliwa na mtengenezaji, hata kama utapata moja badala ya tano.

Mkata_Magogo: Pole sana, Fundi. Haya, samahani kwa kutoeleza. Tunakata miti. Tuko 14, tunagawanyika makundi mawili. Hospitali ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari. Mafunzo hatuna.

Nesi_Zamu: Hayo ndiyo yalitakiwa mwanzo. Kila kundi liwe na vifaa vyake, basi.

Babu_Huduma: Kwa umbali huo mkumbuke kulegeza toniketi kila dakika 15 ili mguu usife.

Mjeda_Mstaafu: Hapana, mzee wangu, na naomba mtu asilifuate hilo. Ukilegeza, damu iliyoganda inaachia na majeruhi anapoteza tena. Funga sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, usifunge kwenye ungio lenyewe la goti wala la kiwiko, kaza mpaka damu ikome, andika saa. Ikiendelea kutoka, weka ya pili jirani na ya kwanza, upande wa juu. Kulegeza ni kazi ya mtaalamu.

Babu_Huduma: Sisi tulifundishwa hivyo miaka mingi.

Nesi_Zamu: Ndivyo ilivyokuwa, shikamoo mzee. Hofu ya kukatwa mguu ilikuwa kubwa. Chini ya saa 2 madhara ya kudumu ni nadra. Zikizidi saa hizo hatari inapanda, lakini bado ni afadhali kuliko kuishiwa damu njiani. Mkata_Magogo, panga gari la wagonjwa likutane nanyi katikati ya njia.

Mpenda_Vifaa: Si mkanda wa suruali unatosha? Boston, Marekani, 2013, kwenye yale mabomu ya mbio za marathoni, watu walifunga vitu vya kubuni tu.

Fundi_Msumeno: Mkanda wa suruali hauna kijiti. Jaribu kwenye paja lako halafu utafute mapigo mguuni.

Mkata_Magogo: Nimeelekea CAT 2 kwa kila kundi, na shashi ya kawaida nyingi. Bado nasita kuhusu ya dawa.

Nesi_Zamu: Mimi ningepunguza toniketi moja ninunue shashi ya dawa.

Mjeda_Mstaafu: Mimi nisingepunguza. Ongeza moja ya mazoezi tu, maana ya mazoezi haiingii kwenye mkoba wa dharura, inachoka.

Kimya_Kimya: Nasoma tu, ila nina swali. Toniketi yangu imekaa miaka mitatu kwenye dashibodi ya gari, jua linaipiga kila siku. Bado inafaa?

Fundi_Msumeno: Itoe leo. Piga picha ya kijiti uiweke hapa tuione.