Ekstensheni ya PHP: narudishaje arei (orodha ya data) kubwa bila kuikopi upya kila mara?

mdau_tabata: Wakuu habari za mchana, naomba msaada wa wanaojua PHP upande wa C. Nina ekstensheni (nyongeza ya PHP iliyoandikwa kwa C) ya mfumo wa stoo wa jamaa anayeuza jumla Kariakoo, orodha ya bidhaa inapakiwa mara moja inakaa kwenye obyekti halafu fankisheni yangu inairudisha kila ikiitwa. Natumia ZVAL_DUP, makro ya C inayotoa nakala, maana naogopa wanaoiita kwenye kodi ya PHP wakibadilisha bei wataniharibia orodha ya ndani, sasa memori inapanda balaa na seva yenyewe ndogo ya kukodi. Nawasilisha.

fundi_c: Mkuu ZVAL_DUP ndiyo inayokula hapo. Kwa arei inatengeneza jedwali jipya zima, vya ndani vinaongezewa hesabu tu ila jedwali la maelfu ya bidhaa peke yake ni mzigo tosha. Weka RETURN_COPY, ipo tangu PHP 8.0, jina linatisha lakini haikopi arei, inaongeza moja kwenye hesabu ya wanaoitumia basi. Na bei usiogope, mtu akiandika kwenye arei inayotumiwa na zaidi ya mmoja PHP inamtengenezea ya kwake kwanza, yako inabaki vilevile.

sinza_dev: Mi naona huko PHP apokee kwa & (rejea, yaani kuelekeza kwenye arei ileile) tu yaishe

fundi_c: Hapana kaka, kupitisha arei kawaida hakukopi kitu mpaka mtu aandike, & haikuokolei chochote. Enzi za PHP 5 ndo ilikuwa mbaya kabisa, arei yenye & ukiipeleka count() ilikopiwa nzima ili ihesabiwe tu! PHP 7 ya 2015 ndiyo iliondoa hilo.

dada_mbezi: Naongezea kwenye stringi (maandishi), RETURN_STRINGL inaomba memori mpya na kukopi herufi zote. Kama tayari una zend_string (stringi ya ndani ya PHP) na obyekti bado inaishika tumia RETURN_STR_COPY, kama umeitengeneza sasa hivi na unaikabidhi moja kwa moja ni RETURN_STR. Ukiweka RETURN_STR wakati obyekti bado inaishika itaachiliwa mara mbili na programu itakufa sehemu nyingine kabisa, utatafuta mpaka uchoke. Pia C yako ikibadilisha orodha yenyewe, anza na SEPARATE_ARRAY, inayokupa nakala yako kama arei inatumiwa na wengine, maana huku C hakuna wa kukulinda.

mdau_tabata: Nimeweka RETURN_COPY memori imetulia, shukrani sana wakuu. Hiyo SEPARATE_ARRAY kwenye kupandisha bei naiweka kabla ya lupu au ndani?

dada_mbezi: Kabla, mara moja. Ila kama kila bidhaa nayo ni arei, hiyo ndogo itenganishe ndani ya lupu kabla hujaigusa, maana ile ya juu inatenganisha ngazi moja tu.