Bathory, Enslaved au Amon Amarth: nianze na Waviking gani?

NyundoNzito:
Wakuu salama? Juzi niko zamu ya usiku geti, usingizi umenikaba, YouTube ikaniletea yenyewe jamaa wa Sweden mandevu mpaka kifuani wananguruma habari za Thor akipigana na joka la baharini, asee usingizi uliisha hapo hapo. Ni Amon Amarth, Twilight of the Thunder God ya 2008. Kuchimba nakuta kumbe ni aina nzima ya metali, ule muziki mzito wa magitaa, inaimba habari za Waviking, mabaharia wa kale wa huko kaskazini mwa Ulaya: Odin mkuu wa miungu yao, Ragnarok mwisho wa dunia yao, meli za makasia, na kwenye komenti watu wanatoana macho kuhusu bendi tatu, hao hao pamoja na Bathory na Enslaved. Bando langu la mawazo. Nianze na nani?

FundiSpika:
Anza na baba yao, mdogo wangu. Bathory. Hao wengine wote wamekula kwenye sahani yake. Kiongozi wao Quorthon alianza Stockholm 1983 na mambo ya shetani, baadaye akaona hata huyo shetani kaletwa na Ukristo huo huo anaoupinga, akarudi kwa miungu ya mababu zake. Blood Fire Death ya 1988 ndo mlango, kavani wameweka mchoro wa 1872 wa msanii Arbo, miungu inapita angani na farasi kama dhoruba. Halafu Hammerheart, 1990. Vaa hedifoni, inaanza na mawimbi ya bahari, kimya, gitaa linakuja polepole, mara jamaa anaimba kwa sauti yake ya kawaida na kwenye noti za juu inakwama kabisa, na kaiacha hivyo hivyo. Mimi napenda hapo anapokwama kuliko ngoma nyingi za watu waliosomea kuimba.

kasia_moja:
Mzee Fundi tunakuheshimu ila Bathory hawakuwahi hata kwenda tua, yaani kuzunguka kupiga shoo, steji waliiacha mapema kabisa, Quorthon kafariki 2004 akiwa na miaka 38. Hiyo ni karia au ni studio? Amon Amarth wametoka Tumba huko kusini mwa Stockholm, 1992, albamu ya kwanza 1998, wakapanda taratibu mpaka Jomsviking ya 2016 ikashika namba moja Ujerumani. Na shoo zao sasa! Drams zimewahi kukaa juu ya meli ya Viking, mwimbaji wao Johan Hegg anakunywa kwenye pembe, chini huko mashabiki wanakaa sakafuni kwa mstari mmoja nyuma ya mwingine wanapiga makasia hewani, watu wazima na akili zao 😂

BintiMvita:
Makasia ni mazuri lakini ngoma ni ile ile tangu 1998 kaka, yabadilika jina tu. Na hilo jina lenyewe si la Kiviking, ni mlima wa kwenye hadithi za Tolkien.

kasia_moja:
Pilau ya mamako ikibadilika utafurahi?

BintiMvita:
Haya 😄 lakini mimi ni Enslaved mpaka kesho. Norway, 1991, waanzilishi wao Ivar Bjørnson ana miaka 13, Grutle Kjellson 17, watoto hao! Albamu ya kwanza 1994 ina ngoma tano peke yake, ya kwanza yapita dakika 11, na nyingi waimba kwa Kiaislandi kwa sababu ndio lugha iliyobaki karibu na ile ya zamani. Wengine wangekaa hapo hapo wale pensheni. Wao wakaingiza sauti laini na progresivu, ule muziki wa kubadilikabadilika, ndani, Isa ya 2004 ikawapa Spellemannprisen, tuzo kubwa ya muziki kwao. Kuna walionuna wakasema si Waviking tena. Mbona ile albamu ya kwanza ina wimbo wa Heimdall yule mlinzi wa miungu, na 2023 wametoa albamu nzima kwa jina lake? Hawakuondoka, walizunguka tu.

Mjomba_Sele:
Nyie hii si kuabudu miungu jamani

BintiMvita:
Mjomba, Fumo Liyongo twamuimba na hakuna anayemuabudu. Liyongo hauawi na chochote ila shaba kitovuni, na mwanawe ndiye aliyemchoma. Mungu wao Baldr naye vitu vyote viliapa kutomdhuru isipokuwa kijimti kimoja kiotacho juu ya miti mingine, Loki yule mlaghai akampa ndugu kipofu wa Baldr akirushe. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilisema ala, hii nshaisikia kwa bibi.

FundiSpika:
Hapo binti umenifunga mdomo, na Hammerheart yangu.

NyundoNzito:
Mrejesho wakuu. Jana usiku nilianza na Mzee Fundi, yale mawimbi mbwa wa geti kasimamisha masikio kabisa. Joka la Thor nimerudia mara mbili, bado tamu ila Binti una hoja, ngoma iliyofuata nilidhani ni ile ile. Nimebakiwa na MB 60, hizo dakika 11 za watoto wa Norway zitaingia?

BintiMvita:
Weka sauti peke yake, video izime. Zaingia na chenji yabaki.