Ukoka kibete kwenye grini: tung'oe nyasi au tukate miti kwanza?

Mkata Majani, Georgia: Jamani, njooni tubishane. Mji ninaofanya kazi huku Marekani una kiwanja cha gofu cha umma, mashimo 18, kinachoendeshwa kwa ada za wachezaji na kodi za wakazi. Baraza linataka kung'oa nyasi za benti kwenye grini zote, yaani sehemu za nyasi fupi zenye shimo, na kupanda ukoka kibete. Mimi nakata majani pale mwaka wa tisa sasa. Nasema ukoka sawa, ila misonobari inayozitia grini kivuli iondoke kwanza. Tangu niseme hivyo, kuna majirani hawaitikii salamu yangu.

Benti ni nyasi ya baridi. Julai kuna usiku joto halishuki chini ya nyuzi 21, mizizi inanywea, na sisi tunaiwashia feni, tunainyunyizia maji mchana kama mgonjwa wa homa, dawa ya kuvu haikauki kwenye pampu. Ukoka joto hilo ndilo chakula chake. Mwaka 2011 klabu ya Atlanta Athletic Club, hapa hapa Georgia, waliandaa mashindano makubwa ya gofu, PGA Championship, katikati ya Agosti juu ya ukoka kibete aina ya Champion, Keegan Bradley akaondoka na kombe.

Mlipa Kodi: Hesabu yako ya upande mmoja, kaka. Klabu ya gofu ya Augusta National wako jimbo hilohilo, na benti wanayo tangu 1981. Wao wanaweza, ninyi mnashindwa nini?

Mkata Majani: Augusta hufunga kiwanja kiangazi chote, na chini ya grini zao kuna mabomba ya kunyonya maji na kupitisha hewa. Sisi Julai ndiyo watu wanajaa. Nipe fedha zile nami nitakuoteshea benti hata jikoni kwako.

Mama wa Tanga: Mimi gofu siijui, lakini ukoka naujua. Shambani unaung'oa kwa jembe, unautupa juani, mvua ikinyesha umeshika tena. Leo mwanangu unatuambia unataka kubembelezwa?

Mkata Majani: Shikamoo mama. Huo wako ni mzazi mmoja tu wa ukoka kibete. Mzazi wa pili ni ukoka mwembamba wa Afrika Kusini. Mtoto wao ni tasa, hana mbegu ya kuotesha, hupandwa kwa vipande vya shina. Tena tunaukata kila siku, unabaki na kimo cha milimita 3 hivi. Jani lililobaki ni dogo mno, bila jua halina cha kupikia. Na hata huo wako, mama, tazama chini ya mwembe: upo?

Mama wa Tanga: Haupo. Haya, endelea.

Fundi wa Carolina: Sisi tunao ukoka huo mwaka wa sita. Msidanganyane kwamba kazi inapungua, inahama mwezi tu. Utabiri ukisema nyuzi 4 chini ya sifuri, tunatandika vifuniko jioni, asubuhi tunavitoa vimelowa, vizito kama nanga, watu wanne kila grini na vidole havisikii. Kiangazi nacho ukoka unasuka zulia la mashina chini ya majani. Usipochana na kumwaga mchanga mwembamba mara kwa mara, grini inakuwa godoro, na mashine inaukwangua mpaka udongo unaonekana. Hapo bado minyoo fundo wanaoshambulia mizizi. Hata hivyo, benti sirudii.

Mlipa Kodi: Kwa hiyo tunalipia nyasi, tunalipia vifuniko, halafu tunapoteza miti iliyopandwa kabla wengi wetu hatujazaliwa? Wanaocheza gofu ni wachache. Wanaopita chini ya vile vivuli na watoto ni sisi sote.

Mkata Majani: Hoja hiyo naiheshimu kuliko zote, wala sina jibu la kukuridhisha. Nina hili tu: wiki iliyopita nilikaa grini ya 7 na saa mkononi. Jua lilifika saa nne na nusu asubuhi, likaondoka saa tisa na nusu. Muda wa saa tano. Ukoka huu unataka karibu saa nane. Tukiupanda pale kama palivyo, baada ya misimu miwili mitatu tutakuwa tumelipa fedha ya umma kununua udongo mtupu. Grini zenye hali hiyo ni nne, si zote 18, na misonobari ninayoisema haizidi thelathini.

Fundi wa Carolina: Sogezeni grini hizo nne badala ya miti.

Mkata Majani: Tatu zinasogea. Ya 7 ina kijito nyuma na barabara mbele. Kikao ni Jumanne; mwenye njia ya kuinusuru ile moja aandike kabla ya hapo.